Mawe ya Beseni

"Alimtoa mtoto kwanza."

Kati ya yote yaliyosemwa juu ya yule mwanamke, ni maneno hayo tu yaliyomganda mpelelezi, akarudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo.

Aliyasikia saluni, kichwa kimeinamishwa kwenye karo, povu limemziba sikio moja. Msusi alikuwa anamsimulia mteja mwingine jinsi mama wa kambo wa mtaa wa juu alivyomlipua mumewe uani, kwenye shimo la kuota moto alilolipanga mwenyewe. Kila aliyeingia alitia chumvi yake. Huyu alisema baruti. Yule akasema risasi. Wa tatu, aliyekuja kununua mafuta ya nywele tu na wala hakuulizwa na mtu, akasema bomu la kienyeji, tena la kufundishwa kwenye simu. Lakini wote walipofika mahali fulani walishusha sauti: kabla ya mlipuko, mwanamke alimshika mtoto mkono akamwingiza ndani.

"Si alijua?" msusi akasema. "Asiyejua angemtoa mtoto kwa nini? Alimtoa mtoto kwanza, ndipo akamwacha baba mtu yamkute."

Mpelelezi alinyanyua kichwa, maji yakimchuruzika shingoni. "Mtoto ni wa kwake?"

"Wa kambo, dada. Wa mke wa kwanza, aliyefariki."

"Basi mwanamke mwenye roho ya kulipua mume, huruma kwa mtoto asiyemzaa kaipata wapi?"

"Wewe nawe! Inama huko, sabuni isikuingie machoni."

Asubuhi yake jalada lilikuwa mezani kwake.

Kituoni walimwita Mama Tochi. Alitembea na tochi hata adhuhuri, na alikuwa na mazoea ya kupiga magoti akamulika chini ya vitu ambavyo wenzake walikuwa wameshavipita. Mkuu wa kituo hakuyapenda magoti hayo, kwa sababu kila yalipogusa ardhi, kesi iliyokuwa imeisha ilianza upya.

"Hii ni ya kufunga tu," mkuu alimwambia. "Amekiri."

"Amekiri nini?"

"'Mimi ndiye niliyeweka.' Kasema hospitali, kasema hapa kaunta, kasema mbele ya wifi yake."

"Aliweka nini?"

Mkuu akajikuna kidevu. "Hapo ndipo anapofunga mdomo. Nenda ukaufungue. Wifi yake kila asubuhi yuko hapa mlangoni, anataka apelekwe mahakamani, na mtoto ameshafungiwa nguo zake kwenye begi. Jalada likishakwenda mahakamani, mtoto anakwenda kwa shangazi yake, na mimi sina sababu ya kuzuia."

Mama Tochi alianzia hospitali. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache na macho yenye usingizi. Akamletea kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

"Kipande hiki ndicho kilichomuua. Kilikata mshipa wa shingo. Nilipokitoa nilidhani chuma."

Hakikuwa chuma. Mama Tochi alikigeuza kwa kibano. Upande mmoja kilikuwa laini na mviringo, kama ganda la yai. Upande wa pili kilikuwa kikali kama chupa iliyovunjika. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, na mstari mweupe ulikipita katikati.

"Jiwe," akasema.

"Jiwe. Lakini jiwe halijirushi lenyewe."

"Mkewe alikuwa wapi ulipokitoa?"

"Mlangoni. Tulimfukuza, akarudi. Alikuwa analia, anauliza, 'Ni nini kimelipuka? Jamani, ni nini kimelipuka?' Nikakiweka kwenye sahani, nikakiosha. Akakiona. Akanyamaza pale pale, kama redio iliyokatika umeme. Halafu akaanza hayo mengine. Mimi ndiye niliyeweka, mimi ndiye niliyeweka."

"Kabla ya kukiona alikuwa anauliza, baada ya kukiona akawa anakiri?"

Daktari akafikiri kidogo. "Ndiyo. Sasa unavyoniuliza hivyo."

"Kuna mtu aliyekuuliza kabla yangu?"

"Waliuliza amesema nini. Hawakuuliza lini."

Mama Tochi akatia saini, akachukua kikopo.

Nyumba ilikuwa ya kawaida, ukuta wa rangi ya maziwa, mlango wa bati kwa nyuma. Koplo aliyefuatana naye, mzee wa kitambi na mizaha, alisimama uani akapiga mluzi.

"Hapa mtu alikuwa anajenga bustani ya peponi."

Hakuwa anatia chumvi. Njia ya changarawe ilitoka mlango wa jikoni ikazunguka vitalu vya maua. Benchi la mbao lilikuwa limewekwa upande upepo unakotoka, ili moshi usiwafuate waliokaa. Katikati ya duara la kokoto palikuwa na shimo, ukuta wake umejengwa kwa matofali ya kuchoma, na kulizunguka hapakuwa na jani moja kavu. Ndoo ya mchanga ilisimama karibu. Mpira wa maji ulikuwa umeshaunganishwa na bomba, umenyooshwa mpaka hatua chache kutoka kwenye moto. Na kando ya ukuta, chini ya tawi la mti wa jirani, palikuwa na duara jingine la udongo mbichi, shimo lililochimbwa likafukiwa.

"Alianza pale, akahamia hapa," Mama Tochi akasema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu." Sauti ilitoka juu ya ukuta. Jirani, fundi seremala, alikuwa amepanda kwenye kitu upande wake, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. "Nilimfokea. Nikamwambia moshi wako wote utaingia kwangu, na tawi langu litaungua, na mimi nina mbao na vanishi humu. Nilimwambia maneno mazito, sifichi."

Koplo akamkonyeza Mama Tochi. Mwenye ugomvi. Mwenye vanishi. "Na makopo yako ya vanishi yote yapo, fundi?"

"Njoo uyahesabu, afande. Hata harufu hujaisikia hapo shimoni." Alionekana kuumia zaidi kuliko kukasirika. "Tulishapatana. Kesho yake alikuja kwangu na kamba na vijiti, akaniambia, 'Jirani, nionyeshe upepo unavuma wapi jioni.' Tukapima pamoja. Alifukia shimo lake, akachimba jingine. Mume akamcheka, akasema mke wangu anajenga uwanja wa ndege."

"Siku ile ulimwona akimwingiza mtoto ndani?"

"Nilimwona."

"Na ndiwe uliyewaambia watu."

Seremala akaangalia pembeni. "Waliniuliza umeona nini, nikasema nilichoona."

"Ulisikia chochote?"

"Nilisikia. Alikuwa anamgombeza. 'Vua hilo gauni la nailoni, cheche ikirukia litakushika mwilini. Kavae la pamba.' Mtoto akanuna, alitaka kulivaa gauni lake jipya. Akamvuta mkono. Mume ameinama anapuliza moto, na hawa hata jikoni hawajafika vizuri, paa!"

Mama Tochi alisogea ukutani. "Hayo ya nailoni uliwaambia?"

"Hawakuniuliza alisema nini." Vumbi lilimdondoka kwenye kope. "Nimelala na hilo tangu siku ile, dada. Lilipotoka mdomoni mwangu lilikuwa dogo. Liliporudi sikulijua."

Koplo alikagua jikoni: mtungi wa gesi ulikuwa mzima, mpira wake haujaguswa. Akanusa shimo, akachambua majivu kwa chekecheke. Hapakuwa na chuma wala ganda la risasi, na harufu ilikuwa ya kuni tu. "Baruti hamna," akasema, na kidogo alionekana kusikitika.

Ndipo Mama Tochi akapiga magoti.

Alimulika ukingo wa matofali kwanza. Ulikuwa safi, saruji haijachubuka, hakuna kilichowahi kuwekwa juu yake. Akashuka ukutani. Matofali yalikuwa na alama za kupigwa, lakini yote mazima. Akaondoa vipande vya kuni, akapuliza majivu polepole, na chini kabisa akaona. Katikati palikuwa na jiwe kubwa kama ngumi mbili, limepasuka, nusu moja bado imekaa mahali pake. Kulizunguka, mawe madogo. Mengine yalikuwa yamevunjika, mengine mazima, lakini yale mazima yalikuwa yamepangwa kwa duara, moja karibu na jingine, madogo yakitazamana na lile kubwa.

Akafungua kikopo, akachukua kile kipande kwa kibano, akakiingiza kwenye pengo la jiwe kubwa. Mstari mweupe ukaungana na mstari mweupe.

"Limekaa," Koplo akasema taratibu. Hakuwa na mzaha tena.

Kando ya bomba palikuwa na beseni pana la bati, maji nusu, na mawe machache ya mviringo ndani. Mstari wa ukijani ulionyesha mahali ambapo maji yalifika zamani. Mama Tochi alitumbukiza mkono akatoa jiwe moja. Lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Hayo ni ya marehemu wifi yangu wa kwanza." Shangazi wa mtoto, dada wa marehemu mume, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha msiba begani. Macho yalikuwa yamemvimba, mdomo umekaza. "Aliyatoa mtoni, moja moja. Mapambo yake. Huyu aliyekuja hana alichobakisha. Kamaliza mapazia ya mwenzake, kamaliza vitalu vyake vya maua, kammaliza na kaka yangu."

"Lakini mawe aliyabakisha."

"Nani?"

"Beseni lina maji, mama. Mwenye mawe amefariki zamani, na maji yanakauka. Kuna mtu anaongeza."

Shangazi akakivuta kitambaa begani. "Mtoto yuko chumbani," akasema. "Nimeshamfungia nguo. Mtoto wa kaka yangu hatalelewa na muuaji. Akahukumiwe, tuondoke."

"Nitampa pole mtoto, kama unaruhusu. Nina wa rika lake nyumbani."

"Usimlize tu. Ndiyo kwanza amenyamaza."

Begi lilikuwa kitandani, limefungwa, mkono wa gauni la nailoni umechomoza kwenye zipu. Msichana alikuwa amekaa sakafuni. Mama Tochi alimpa pole, akakaa naye hapo chini, kisha macho yakampanda dirishani.

Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na kifuniko kikubwa cha mtungi, na kukizunguka, vifuniko vidogo vya soda. Pembeni yake, kifungo kikubwa cha koti, na vifungo vidogo vya mashati vimekizunguka. Kila kitu kilikuwa kwenye duara, karibu karibu, vidogo vikitazamana na kikubwa.

Mama Tochi akaiweka tochi sakafuni.

"Hivi ni nini, mwanangu?"

"Huyu mama. Hawa watoto."

"Wazuri. Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Naviweka tu." Akamtazama. "Shangazi anasema mama mdogo alitia kitu kibaya kwenye moto. Mama mdogo hakutia kitu."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa huko kabla baba hajapanga kuni. Nilipanga mawe ya mama, chini kabisa, ili na yeye aote moto na sisi. Hapakuwa na kitu kingine. Ningekiona." Alikunja uso, akafikiri. "Na mawe si kitu, eti?"

Nje, mtu alikuwa anafagia changarawe. Mama Tochi alilitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa na ncha.

"Mawe ni mawe," akasema mwishowe. "Ulimwambia mtu?"

"Hapana. Ilikuwa nimshangaze mama mdogo. Tukimaliza kula ndiyo nimwambie."

"Kwa nini yanakaa kwenye maji?"

"Yakikauka yanapauka. Mama alikuwa anayapenda yaking'aa. Sasa mama mdogo ndiye anaongeza maji, kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai. Baba alitaka kuyamwaga wakati wanajenga bustani, mama mdogo akakataa, akasema hayo yana mwenyewe." Akashika zipu ya begi. "Atarudi lini?"

Kituoni, nyuma ya jengo, Mama Tochi aliwasha mkaa kwenye jiko kuukuu, akalizungushia mapipa ya chuma.

"Sasa leo tunapika mawe," Koplo alisema. "Chumvi niweke, Mama Tochi?"

"Kaa nyuma ya pipa, kaka. Sichezi."

Aliweka kwanza kipande cha tofali. Kikawa chekundu, basi. Akaweka jiwe kavu la barabarani. Nalo likapata joto likatulia. Kisha akachukua koleo refu, akalitoa jiwe moja la lile beseni kwenye ndoo ya maji aliyokuja nayo, akaliweka juu ya mkaa, akaja kujibanza kando ya Koplo.

Jiwe lilitoa jasho. Likaanza kulia, mlio mwembamba kama wa birika. Halafu likanyamaza, na Koplo akaanza kusema, "Ona sasa, hata hili..."

Mlio ulikuwa mmoja, mkavu. Pipa likapigwa ngwe! na kitu kikapita juu ya vichwa vyao kikagonga bati la choo cha askari. Mtu alipiga kelele humo ndani.

"Mama yangu weee," Koplo akasema, amekaa chini, kofia imepinda. "Mzinga!"

"Limekunywa maji miaka yote hiyo," Mama Tochi akasema. "Yakichemka ndani, mvuke hauna pa kutokea. Ni sawa na chungu ulichokiziba mdomo." Alichungulia juu ya pipa. Upande uliotazama jiko ulikuwa umebonyea. "Na marehemu alikuwa ameinama anapuliza."

Yule mwanamke aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amejifunga kanga moja ya msiba. Alikuwa mdogo kuliko uvumi wake. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya jembe yaliyoanza kukauka.

"Mimi ndiye niliyeweka," alisema kabla hajakaa.

"Haya, mdogo wangu. Uliweka nini?"

Mwanamke akaanza kukunja pindo la kanga.

"Uliweka mawe ya beseni."

Mwanamke alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo. Mawe. Niliweka mimi."

"Wapi?"

"Si... shimoni."

"Shimoni wapi?"

"Pembeni. Juu ya matofali, kuzunguka. Niliona yatapendeza."

"Juu ya ukingo?"

"Ndiyo."

"Kwa saruji au bila?"

"Kwa... bila."

Mama Tochi akaweka tochi mezani, akaisogeza kando, kama mtu anayeweka silaha chini. "Ukingo nimeumulika. Hakuna jiwe lililowahi kukaa pale. Yalikuwa chini kabisa, chini ya kuni, yamepangwa. Jiwe moja kubwa katikati, madogo yamelizunguka. Unakijua chumba chenye dirisha lililopangwa hivyo?"

Hakulia kwanza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaushika mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Dada," akasema, "wewe ni mama?"

"Ni mama."

"Basi usimwambie. Nakuomba. Ana miaka minane. Alishamzika mama yake. Mimi nifungeni, semeni chochote mnachotaka, baruti, risasi, mimi nitasema ndiyo. Yeye asijue."

"Ulijua lini?"

"Nilipoiona ile alama nyeupe kwenye sahani. Lile jiwe ndilo mama yake alilipenda kuliko yote." Sasa machozi yalikuja, bila sauti. "Mchana niliona beseni limepungua. Nikasema moyoni, huyu anacheza na mawe yake, nitamuuliza jioni. Nilikuwa nahangaika na mpira wa maji, na ndoo ya mchanga, na upepo. Niliogopa kila kitu, dada. Cheche, gauni, tawi, moshi. Niliogopa kila kitu kasoro hicho. Na maji nilikuwa naongeza mimi. Kila asubuhi. Nilitaka aone kwamba sikuja kumfuta mama yake. Kwa hiyo si ni mimi? Niambie, si ni mimi?"

Mama Tochi akasogeza kiti karibu naye. Akamwachia kitambaa chake.

"Nikuulize jambo," Mama Tochi alisema, mwanamke alipotulia. "Huyu mtoto yuko shule. Atakua. Siku moja, darasani au popote, atasikia kwamba jiwe lililokaa majini likiwekwa motoni linapasuka. Hiyo siku hatuwezi kuizuia, si wewe si mimi. Utakuwa wapi?"

Mwanamke akamtazama.

"Ukiwa gerezani kwa kosa ambalo yeye ataligundua kuwa si lako, atabeba viwili: baba yake na wewe. Na pembeni yake atakuwepo nani wa kumwambia kwamba ulijua tangu mwanzo, na hukuacha kumpenda hata dakika?"

Mtu alicheka kaunta, simu ikalia, ikakatika.

"Nataka niwepo," mwanamke akasema. "Hiyo siku nataka niwe karibu."

"Basi niambie ukweli, niuandike."

Mkuu alisoma maelezo akiwa amesimama. "Mawe ya mto yaliyokaa majini. Nimesikia, choo changu kina tundu. Lakini hapa umeandika 'yaliwekwa na watu wa nyumba bila kujua hatari yake'. Watu wa nyumba ndio nani?"

"Ni watu wa nyumba, mkuu."

"Mama Tochi."

"Sheria inamtafuta aliyekusudia. Nimezunguka kila mahali na tochi yangu. Hakuna aliyekusudia."

Mkuu alimtazama, akatazama karatasi, akatazama picha ya wanawe chini ya kioo cha meza. Akatia saini.

Shangazi alikuwa ndiye mgumu. Mama Tochi alimkalisha kwenye benchi la uani, akamweleza habari ya jiwe na maji na mvuke, akamwonyesha picha ya pipa lililobonyea. Shangazi alisikiliza, kitambaa mdomoni.

"Nani aliyaweka?" akauliza.

"Mtu aliyetaka marehemu wifi yako wa kwanza naye aote moto pamoja nao. Sina zaidi ya hapo, na wewe usitafute zaidi ya hapo."

Shangazi alitazama beseni. Akatazama dirisha la mtoto. Mama Tochi aliona lilivyomfikia, polepole, na aliona alivyolimeza.

"Na wote niliowaambia?" shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Nimewaambia ukoo mzima. Nimewaambia sokoni."

"Utawaambia tena."

"Hawatasikiliza kama mara ya kwanza."

"Hapana," Mama Tochi akasema. "Hawatasikiliza. Waambie hata hivyo."

Jioni yake mwanamke aliletwa nyumbani. Seremala alikuwa amesimama langoni na kofia mkononi. Akamshikia mlango. Msichana alitoka mbio akagota kwenye tumbo la mama yake mdogo, na wote wawili wakakaa chini pale pale kwenye changarawe. Shangazi aliingia ndani. Alipotoka, begi lilikuwa tupu mkononi mwake.

"Mama mdogo, maji ya mawe yamepungua," msichana akasema. "Hukuwepo kuongeza."

Mwanamke akamtazama Mama Tochi juu ya kichwa cha mtoto. Macho yake yalikuwa yanauliza.

"Yakikaa kwenye maji hayana neno," Mama Tochi akasema taratibu. "Ongeza kama kawaida."

Mwanamke alichukua jagi bombani. Maji mengine yakamwagikia miguuni, lakini aliongeza mpaka mawe yakafunikwa, yakang'aa.

Siku iliyofuata Mama Tochi alirudi saluni, ingawa nywele zake hazikuwa na shida. Hakukaa kwenye kiti. Alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, nyingine kama hiyo ameshaiacha kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliibandika kwenye kioo, mahali ambapo kila mteja angeiona akiwa ameinuliwa kichwa. Msusi akaacha kitana hewani, akasoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ilipungua.

KWA ANAYETAKA KUJENGA SHIMO LA KUOTA MOTO NYUMBANI, EPUKA HAYA:

Usitumie mawe ya mtoni, wala jiwe lolote lililokaa majini, hata kama juu limekauka.

Usitumie tofali la saruji la kawaida karibu na moto. Tumia la kuchoma.

Usichimbe chini ya tawi, wala karibu na ukuta wa mbao, wa kwako au wa jirani.

Usikae na nguo ya nailoni. Usimwache mtoto akae nayo.

Usiwashe bila mchanga na maji kuwa karibu.

Usipulize moto ukiwa umeinama juu yake.

Usipange kuni kabla ya kuangalia chini kuna nini.

Usisimulie ulichoona bila kusimulia na ulichosikia.

Ukikuta mawe shimoni, usiulize ni nani aliyeyaweka. Yatoe tu.